Pambano Ambalo Halikupiganwa

Watu wakikutana barazani jioni baada ya kazi, na mmoja akataja mchezo wa ngumi, haikawii kuulizwa swali hili: "Je, fulani angalikutana na fulani, nani angalishinda?" Papo hapo kila mtu huwa mwamuzi. Huyu hushika upande wa bingwa wa zamani, yule wa bingwa wa siku za karibu. Sauti hupanda, kahawa hupoa, na pengine marafiki huachana wamenuniana, na hali wale wanaogombewa wamekwisha kufa miaka mingi iliyopita.

Sisi hatuyadharau mabishano hayo. Ila twaona kuwa maswali ya namna hii ni ya aina mbili, wala si vema kuyachanganya. Aina ya kwanza ni ya watu waliotengwa na wakati: mmoja alikuwa amezeeka au amekufa kabla mwenziwe hajashika glavu, basi hapana wa kulaumiwa. Aina ya pili ni ya watu walioishi wakati mmoja, katika nchi moja, wote wawili wakiwa na nguvu zao, lakini hawakukutanishwa. Hapo yatupasa kuuliza: ni nani aliyewazuia? Leo tutasema habari za pambano moja la aina hiyo ya pili, la Jack Dempsey na Harry Wills wa Marekani, ambalo lilingojwa miaka saba wala halikupiganwa.

Kwanza na tuufahamu mchezo wenyewe. Sheria zilizotangazwa Uingereza mwaka 1867, zijulikanazo kwa jina la Queensberry, ziliamuru kuwa wapiganaji wavae glavu, kila raundi iwe ya dakika 3, na kati ya raundi na raundi wapumzike dakika 1. Mtu akiangushwa, naye asiinuke katika muda wa hesabu ya kumi, ameshindwa. Watu wa uzito wa juu hawakuwekewa kikomo, na kwa hiyo zamani mtu wa ratili 187 aliweza kukutana na mtu wa ratili 245. Hapo ndipo mabishano yanapopata utamu, maana mzito hana hakika ya kushinda, wala mwepesi hana hakika ya kushindwa.

Wapiganaji hao twaweza kuwagawa mafungu matatu, ingawa wako wachanganyao. Fungu la kwanza ni wale wapiganao kwa mbali. Hawa hutegemea miguu myepesi na urefu wa mkono. Hutupa ngumi ya kushoto iliyonyooka, humgusa mwenziwe usoni, kisha huondoka kabla hawajalipwa. Fungu la pili ni wasukumaji. Hawa huinama, huyumbisha kichwa huku na huku, huingia chini ya mikono ya mshindani wao, wakampiga mbavuni na kidevuni kwa karibu. Fungu la tatu ni wapigaji wazito wasio na haraka. Huziba njia, hungoja, na ngumi yao moja yatosha kuimaliza kazi. Wajuzi wa mchezo husema kuwa msukumaji humchosha mpiganaji wa mbali, mpigaji mzito humvunja msukumaji anayemwendea, na mpiganaji wa mbali humsumbua mpigaji mzito. Hii si sheria isiyovunjika, lakini yafaa kuwa taa yetu katika mazungumzo haya.

Sasa tuje kwenye historia. John L. Sullivan, aliyekuwa bingwa tangu mwaka 1882, alisema waziwazi kuwa hatapigana na mtu mweusi. Wakati huo alikuwako mtu mweusi mmoja, Peter Jackson, aliyezaliwa mwaka 1861 katika kisiwa cha St. Croix, akaenda Australia ujanani mwake, na mwaka 1886 akawa bingwa wa huko. Tarehe 21 Mei 1891, mjini San Francisco, Jackson alipigana na James J. Corbett raundi 61, muda upatao saa nne, hata wote wawili wakawa hawajiwezi, na mwamuzi akalivunja pambano pasipo mshindi. Mwaka uliofuata, tarehe 7 Septemba 1892, huyo Corbett alimwangusha Sullivan katika raundi ya 21 akautwaa ubingwa. Angalieni basi: mtu ambaye bingwa mpya hakumweza kwa raundi 61 hakupata kugombea ubingwa wa dunia maishani mwake. Jackson alikufa Australia mwaka 1901 kwa ugonjwa wa kifua kikuu.

Mlango ulifunguka tarehe 26 Desemba 1908, Jack Johnson alipomshinda Tommy Burns mjini Sydney na kuwa mtu mweusi wa kwanza kupata ubingwa wa uzito wa juu. Habari hiyo iliwachoma wengi. James J. Jeffries, bingwa aliyekuwa amestaafu bila kushindwa, aliombwa arudi ulingoni ili awarudishie watu weupe ubingwa wao. Tarehe 4 Julai 1910, mjini Reno, Johnson alimshinda katika raundi ya 15. Usiku ule ghasia zilizuka katika miji mingi ya Marekani, na watu waliuawa, wengi wao weusi, kwa sababu ya ngumi za watu wawili. Hata Johnson aliposhindwa na Jess Willard mjini Havana tarehe 5 Aprili 1915, mlango ukafungwa tena. Haki yatulazimisha kusema pia ya kuwa Johnson mwenyewe, alipokuwa bingwa, hakumpa nafasi Sam Langford, mtu mweusi mwenziwe, ambaye wengi walimhesabu kuwa wa hatari kuliko wote. Mwenye cheo huona hofu, hata akiwa ni yule aliyenyimwa jana.

Katika nyumba hiyo iliyofungwa ndimo alimokulia Harry Wills. Alizaliwa New Orleans, akafanya kazi ya upakizi bandarini, kisha akaingia katika ngumi. Alikuwa mrefu, mwenye kifua kipana na nguvu nyingi mikononi. Kwa kuwa weupe wengi wenye sifa walikataa kupigana na weusi, weusi walipigana wao kwa wao tena na tena. Wills na Langford peke yao walikutana zaidi ya mara 15. Fikirini taabu ya mtu kumkabili mwenziwe yule yule mwaka hata mwaka, si kwa sababu ya uadui, bali kwa kuwa hapana mlango mwingine wa kupatia riziki.

Jack Dempsey naye hakuzaliwa katika raha. Alitoka katika jamaa maskini ya Colorado, akafanya kazi migodini, akasafiri kwa kujificha chini ya magari ya moshi akitafuta wa kupigana naye. Tarehe 4 Julai 1919, mjini Toledo, yeye mwenye ratili 187 alikutana na Willard mwenye ratili 245. Katika raundi ya kwanza alimwangusha mara saba, na baada ya raundi ya tatu Willard hakuweza kuendelea. Ubingwa ulipomfikia Dempsey, alitangaza kuwa hatapigana na mtu mweusi. Baadaye maneno yalibadilika. Mwaka 1922 pande mbili zilitia sahihi karatasi za pambano la Dempsey na Wills, lakini mahali na siku havikupatikana. Mwaka 1925 mkataba mwingine ukaandikwa. Wills akapokea dola 50,000 za kutangulia, lakini fedha za Dempsey hazikupatikana, na jambo likavunjika. Baraza lililosimamia ngumi katika New York lilishikilia kuwa Wills ndiye mwenye haki ya kumkabili bingwa. Kwa hiyo Dempsey alipokubali kupigana na Gene Tunney, pambano hilo halikufanyika New York bali lilipelekwa Philadelphia, na huko, tarehe 23 Septemba 1926, Dempsey akapoteza ubingwa.

Dempsey alisema miaka ya baadaye kuwa yeye alitaka kupigana, ila wenye fedha na wenye siasa walizuia. Tex Rickard, mwandalizi mkubwa wa mapambano yake, ndiye aliyeliandaa pambano la Reno la mwaka 1910 na kuwa mwamuzi wake, na bila shaka alizikumbuka ghasia zile. Sisi hatuwezi kuingia moyoni mwa mtu. Lakini twajua matunda: kila aliyeulizwa alimwonyesha mwingine kidole, na miaka ilikuwa ikipita juu ya kichwa cha Wills.

Haya, na tukae barazani sasa tubishane kama watu wa haki. Je, wangalikutana mwaka 1922, nani angalishinda?

Wa upande wa Dempsey watasema hivi. Dempsey alikuwa msukumaji mwenye ngumi ya mpigaji mzito, jambo lisilopatikana mara nyingi. Aliingia kwa chini, akiyumba, na mkono wake wa kushoto ulizunguka kwa upesi kiasi cha kumkuta mtu kabla hajajua upande gani ajifunike. Wills alisimama wima, naye alikuwa mkubwa wa kutosha kuwa shabaha njema, kama Willard alivyokuwa. Tena, Langford, mtu mfupi wa futi 5 na inchi 7 hivi aliyepiga kwa nguvu kutoka chini, aliwahi kumlaza Wills mara mbili. Ikiwa Langford aliweza, kwa nini Dempsey asiweze, naye yu kijana na mwepesi zaidi?

Wa upande wa Wills watajibu hivi. Langford alimlaza Wills zamani, Wills alipokuwa angali mwanafunzi wa mchezo. Baadaye Wills alijifunza dawa yake, akawa akimshinda. Dawa hiyo ilikuwa ni kumkumbatia mtu anayeingia, kuufunga mkono wake mmoja, kumlemea kwa uzito, na kumpiga mbavuni kwa mkono ulio huru. Alimzidi Dempsey kwa ratili 20 au zaidi. Msukumaji akishikwa hivyo raundi baada ya raundi, miguu yake hulegea, na bila miguu hawezi kuingia tena. Dempsey alikuwa moto wa makuti: huwaka kwa ukali, lakini pambano likiendelea mbali hupungua. Tunney alilionyesha jambo hilo mwaka 1926 alipomkimbiza kwa raundi 10 na kumshinda kwa pointi.

Yuko na shahidi mmoja ambaye pande zote mbili humwita. Huyo ni Luis Ángel Firpo wa Argentina, mtu mkubwa mwenye mkono wa kulia wa kutisha. Dempsey alipigana naye New York tarehe 14 Septemba 1923. Alimwangusha mara nyingi, lakini yeye mwenyewe alisukumwa kwa ngumi hata akatoka nje ya ulingo kwa kupita katikati ya kamba, akarudishwa na watu waliokaa chini; kisha akamaliza kazi katika raundi ya pili. Wills alipigana na Firpo huyo huyo tarehe 11 Septemba 1924 mjini Jersey City. Alimwangusha, akamtawala kwa raundi 12, lakini hakummaliza. Basi watu wa Dempsey husema: "Wetu alitumia raundi 2, wenu hakumaliza hata kwa 12." Na watu wa Wills hujibu: "Wenu alitupwa nje kama mzigo, wetu hakutikisika." Shahidi ni mmoja, na ushahidi wake umegawanyika pande mbili.

Tukishurutishwa kusema, twaona kuwa raundi nne za kwanza zingalikuwa za hatari kubwa kwa Wills, na kama angalizipita akiwa amesimama, raundi za mwisho zingalikuwa zake. Lakini maneno hayo ni ya baraza tu. Yatupasa kuonyesha sababu ya kutoyaamini mno, hata yakiwa ni yetu wenyewe.

Sababu hiyo iko hapa Afrika, katika mji wa Kinshasa. Tarehe 8 Machi 1971, mjini New York, Joe Frazier alimshinda Muhammad Ali kwa raundi 15, akamwangusha katika raundi ya mwisho. Tarehe 22 Januari 1973, mjini Kingston katika Jamaica, George Foreman alimwangusha Frazier huyo mara sita katika raundi mbili. Mwaka huo huo wa 1973 Ken Norton alimshinda Ali na kumvunja taya, na mwaka 1974 Foreman akammaliza Norton pia katika raundi mbili. Mtoto wa shule aweza kuifanya hesabu hiyo: Foreman ni mkubwa kuliko Frazier na Norton, Frazier na Norton walikwisha kumshinda Ali, basi Ali hana nafasi. Foreman alikuwa na miaka 25 na mapambano 40 bila kushindwa. Ali alikuwa na miaka 32. Wako waliohofu kuwa Ali ataumizwa vibaya.

Tarehe 30 Oktoba 1974, saa kumi za usiku, kiwanja kikiwa kimejaa watu walioliitia jina la Ali kwa Kilingala, kengele ililia. Ali hakufanya alilotazamiwa. Watu walidhani atakimbia kwa miguu yake myepesi. Yeye akaegemea kamba zilizolegea, akajifunika uso kwa mikono, akamwacha Foreman apige mikono na mbavu, na mara kwa mara akamrudishia usoni kwa upesi. Joto lilikuwa kali, na ngumi za Foreman zilikuwa pana na nzito, zilizozoea kumaliza kazi mapema. Kufika raundi ya tano mikono yake ilikuwa imechoka. Katika raundi ya nane Ali alitoka kambani, akampiga kwa mfululizo, na Foreman akaanguka asiinuke kwa wakati.

Hesabu ilikosea wapi? Ilikosea kwa kuwa nguvu za mtu si kama ratili za mchele, zikipimwa hapa ziwe zile zile hata kule. Frazier alimwendea Foreman kwa kuinama, akajileta mwenyewe katika ngumi zake zitokazo chini. Ushujaa wake ndio uliomwangamiza. Ali hakumwendea, alirudi nyuma na kuegemea, na mpigaji mzito akabaki kupiga hewa na mifupa ya mikono. Hata watu wawili wale wale wakikutana mara mbili, majibu hubadilika. Mwaka 1936 Max Schmeling wa Ujerumani aliona kuwa Joe Louis hushusha mkono wa kushoto baada ya kuurusha. Akapitisha ngumi yake ya kulia hapo, akamshinda katika raundi ya 12. Louis aliirekebisha kasoro ile, na tarehe 22 Juni 1938 akammaliza Schmeling katika raundi ya kwanza. Kama wasingalirudiana, watu wangalibishana mpaka leo.

Wako waliotaka kuyamaliza mabishano kwa mashine. Mwaka 1967 mtu mmoja wa Marekani, Murray Woroner, aliiingizia kompyuta habari za mabingwa 16 wa uzito wa juu wa zama mbalimbali, akatangaza kwa redio mapambano yao ya kubuni, raundi kwa raundi, kana kwamba watangazaji wako ulingoni. Mashine ilisema kuwa Rocky Marciano alimshinda Dempsey katika pambano la mwisho. Ilisema pia kuwa Ali alishindwa na Jeffries. Ali akakasirika akaenda kortini. Wakapatana, na mwaka 1969 Ali na Marciano walipigwa picha ya sinema wakipigana kwa kuigiza, nao wakaigiza mwisho zaidi ya mmoja. Marciano alikufa kwa ajali ya ndege tarehe 31 Agosti 1969, kabla sinema haijaonyeshwa. Kwa hao wawili hapana wa kulaumiwa: Marciano alistaafu mwaka 1956, na Ali alianza kupigana kwa malipo mwaka 1960. Wakati ndio uliowatenga.

Lakini, wasikilizaji wetu, katika mabingwa 16 wale Dempsey alikuwamo, Harry Wills hakuwamo. Mashine ilipewa majina ya mabingwa, na Wills hakuwahi kuwa bingwa, maana hakupewa nafasi ya kuugombea ubingwa. Basi alinyimwa mara mbili: kwanza ulingoni alipokuwa na nguvu zake, na tena miaka arobaini baadaye katika mashindano ya kubuni, ambayo yasingalimgharimu mtu hata tone moja la damu. Hivi ndivyo dhuluma inavyozaa. Mtu akifungiwa mlango, jina lake haliandikwi ndani. Na watu wa baadaye wakisoma majina yaliyoandikwa, hudhani kuwa nje hapakuwa na mtu.

Wills alipigana na Jack Sharkey tarehe 12 Oktoba 1926, Dempsey akiwa amekwisha kupoteza ubingwa wiki chache kabla. Alikuwa na miaka 37. Mwamuzi alimtoa katika raundi ya 13 kwa kuvunja sheria, hali amekwisha kuzidiwa na kijana yule. Watu wengine walisema: "Mwaona? Hakuwa kitu." Hilo ni neno la ukatili, maana ni kumchelewesha mtu shambani mpaka jua limekuchwa, kisha kumcheka kuwa hakulima. Wills aliacha ngumi akiwa na akiba yake, akaishi kwa nyumba alizozinunua Harlem, mjini New York, akafa mwaka 1958. Mtu mweusi wa pili kuwa bingwa wa uzito wa juu alikuwa Joe Louis, tarehe 22 Juni 1937, baada ya miaka 22 ya mlango kufungwa.

Na Dempsey je? Yeye naye alipata hasara, ingawa haionekani upesi. Kinyozi hajinyoi, wala bingwa hawezi kuthibitisha ukubwa wake peke yake. Huuthibitisha kwa yule anayehofiwa zaidi. Kila sifa yake hufuatwa na swali, "Na Wills?", wala hapana awezaye kumjibia. Huenda angalishinda, na pengine kwa upesi. Lakini aliyezuiliwa kujaribiwa hawezi kudai kuwa alifaulu.

Basi mkikaa barazani, bishaneni kwa furaha. Semeni miguu ya huyu na mikono ya yule, mkumbuke Kinshasa kabla ya kuapa. Ila mkifika kwa watu walioishi wakati mmoja wasikutanishwe, msiulize tu nani angalishinda. Ulizeni pia nani aliufunga mlango. Wazee walisema kuwa asiyekubali kushindwa si mshindani. Nasi twaongeza ya kuwa wala hawi mshindani yule asiyekubali mwenziwe aingie ulingoni.